Mashine ya babu, Johnson HP 18, inawaka vizuri halafu inazima baada ya dakika kumi. Naombeni msaada

#1 MjukuuWaPangani (Nansio, Ukerewe)

Wakuu salaam.

Nina mashine ya boti Johnson Sea-Horse HP 18, silinda mbili, tustroki ya kuchanganya oili. Babu yangu aliinunua Tanga kwa Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa anauza vitu vyake aondoke, baada ya mashamba kutaifishwa 1967. Kwa miaka mingi ilivusha watu na nazi pale mtoni kati ya Pangani mjini na Bweni. Babu alifariki 2009, mashine ikawekwa stoo ikafunikwa magunia. Mwaka huu nimeomba ruhusa kwa baba na shangazi, nikaipakia kwenye basi hadi Mwanza, nikavuka nayo ziwa mpaka huku ninakofanya kazi.

Tatizo lake ni hili. Ikiwa baridi, choki, kamba mara tatu, inawaka. Sailensa (mwendo wa chini kabisa) imetulia kabisa. Naondoka ufukweni vizuri. Dakika ya 8, ya 10, ikijitahidi sana ya 12, inaanza kushuka yenyewe kama mtu anayesinzia, inakohoa mara mbili, kimya. Nikivuta kamba hapo hapo haishiki. Nikielea robo saa nzima, inawaka tena kama hakuna kilichotokea, ila safari hii inakwenda dakika tano tu.

Fundi wa hapa amefungua kabureta mara mbili, ameweka plagi mpya na mpira mpya wa mafuta. Nimeshatoa 80,000. Kibati cha namba kimeliwa na chumvi, zinasomeka herufi FD tu.

Naanzia wapi?

#2 Kasia2 (Kilindoni, Mafia)

Fungua tundu la hewa la tangi. Hilo tu. Mashine inavuta petroli, tangi halipati hewa, mwisho petroli inagoma kutoka. Ukisubiri, hewa inaingia kidogo kidogo, inawaka tena. Dalili zako zote ni hizo.

#3 FundiMagneto (Tanga)

Kasia2 amesema jambo la kwanza la kuangalia, lakini msifunge kesi mapema hivyo. Mkuu, siku ikizima fanya mambo mawili kabla hujagusa kingine chochote. La kwanza, binya ile pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta. Ikiwa laini na mashine inafufuka ukiibinya, shida ni petroli haifiki. La pili, toa plagi zote mbili uziangalie na uzinuse. Plagi iliyolowa ina maana petroli ipo, umeme haupo. Plagi kavu ni kinyume chake. Usipofanya hivyo tutakaa hapa mwezi mzima tunakisia.

Na jibu hili pia: ilipozima, kamba ilikuwa nzito kuvuta au nyepesi?

#4 Mzee_wa_Kusi (Lamu)

Koili.

Nimezikarabati hizi Johnson na ndugu yake Evinrude tangu niko kijana. Chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu, mna koili mbili za kuzalisha cheche, pointi seti mbili za kukata umeme na kondensa mbili, kila silinda na vyake. Waya wa ndani ya koili ni mwembamba kama unywele. Ukipata joto unatanuka, pale palipokatika panaachana, cheche yapotea. Ukipoa washikana tena. Gamba la koili za zama zile hupasuka nyufa, unyevu ukaingia. Mashine iliyokaa stoo Pangani, chumvi tupu, miaka yote hiyo? Sina shaka.

Robo saa ya kupoa ndiyo inayonionesha. Tundu la tangi halihitaji robo saa.

#5 MjukuuWaPangani

Asanteni sana wote.

Kasia2, tangi la asili halipo, lilitoboka kutu. Natumia dumu la lita 20, nimetoboa kifuniko nikapitisha mpira. Tundu la pili la hewa nimelitoboa kwa msumari wa moto.

FundiMagneto, kamba ikizima ni nyepesi kama kawaida. Hayo mengine nitayafanya Jumamosi.

#6 Kasia2

Dumu! Mkuu, hilo ndilo ulitakiwa kulisema kwenye #1. Msumari wa moto unaacha tundu ambalo plastiki inajifunga yenyewe dumu likipigwa jua. Toa kifuniko kabisa uone.

#7 BintiMwani (Paje)

Kuna la ziada la dumu. Kaka yangu alikuwa na dumu hilo hilo, mpira ukifika chini unanyonya ile takataka nyeusi inayokaa chini. Mashine ikitembea boti linatikisika, uchafu unapanda unaziba mdomo wa mpira. Ikizima, boti limetulia, uchafu unashuka, inawaka tena. Mpira wake kaka haukuwa na chujio lolote. Aliukata ncha kwa mshazari, akauinua vidole viwili kutoka chini, akaweka chujio la pikipiki katikati. Mpaka leo.

#8 Sinbad_71 (Maskat)

Ndugu zangu, nina mbili kama hizi hapa nyumbani, ya 1958 na ya 1965. Naomba nirekebishe mambo.

Herufi FD ni za HP 18, na hizo zilianza 1957. Zile za mwanzo hazina pampu ya petroli kabisa. Mpira wake una njia mbili: moja inapeleka hewa kutoka kwenye mashine kwenda tangini, nyingine inaleta petroli inayosukumwa na hewa hiyo. Tangi lile halina tundu la hewa hata kidogo, ukilitoboa umeliua. Kuanzia 1960 HP 18 zikaja na pampu ndogo ya mraba ubavuni, inayoendeshwa na pumzi ya krankesi (chumba cha chini ya pistoni), na mpira ukawa wa njia moja.

Kwa hiyo mjukuu, angalia hapo mpira unapochomekwa kwenye mashine. Pini ni ngapi? Kama ni ya njia mbili na fundi amekuwekea mpira wa njia moja kutoka kwenye dumu, basi hakuna kinachovuta petroli ila mkono wako. Bakuli la kabureta linajaa unapobinya, unatembea mpaka liishe, inazima.

#9 FundiMagneto

Sinbad shukrani, hilo la pini nilikuwa silijui. Ila bakuli la kabureta ya HP 18 halikai dakika kumi kwa mwendo wa kati. Lingeisha mapema mno.

#10 Sinbad_71

Kama dumu liko juu kuliko mashine, petroli inashuka yenyewe kwa mteremko, na dumu likipungua inashindwa. Dumu unaliweka wapi, mjukuu?

#11 MjukuuWaPangani

Juu ya ubao wa kukalia, nyuma yangu. Pini nimekwenda kuangalia sasa hivi kwa tochi ya simu: ni moja. Na ubavuni ipo kitu ya mraba yenye skrubu. Basi ni ya 1960 au baada yake.

#12 Sinbad_71

Au ni ya zamani imebadilishwa. Watu wengi waliwekea pampu mashine za njia mbili. Ila sawa, pampu ipo. Ndani yake mna ngozi laini ya mpira. Ikipata tundu dogo kama la sindano, sailensa haitakudhihirishia, kwa kuwa sailensa haili petroli nyingi. Ukienda mwendo ndipo pampu inaposhindwa kulisha.

#13 Ngurukizi (Musoma)

Mimi naona mnaenda mbali. Mkuu, mashine hii ilikuwa Pangani usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134. Hewa huku ni nyembamba, pungufu kama asilimia kumi hivi. Kabureta iliyopangwa Pangani huku inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi zinajaa masizi meusi, zinalowa, mashine inakata. Ukisubiri, petroli iliyozidi inakauka, inawaka.

Mbele ya kabureta hiyo ya zamani mna visu viwili vya kupanga petroli, cha juu cha sailensa na cha chini cha mwendo. Hicho cha mwendo kifunge kidogo sana, robo ya robo ya mzunguko, ujaribu.

#14 Mzee_wa_Kusi

Mwinuko haungoji dakika kumi, ndugu yangu. Ungeshika tangu ufukweni.

#15 Ngurukizi

Mzee, masizi hayajai kwa dakika moja. Yanajilimbikiza.

#16 Chakubanga_ (Dar)

Petroli yenyewe umenunua wapi? Tusisahau uchakachuaji. EWURA, wadhibiti wa nishati Tanzania, walianza kuweka kinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta 2010 kwa sababu watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Hiyo ni ya kituoni. Lakini petroli ya chupa inayouzwa visiwani nani anaipima? Tustroki ikinywa taa inawaka kwa shida, inachemka, inapoteza nguvu.

#17 Mvita_boy (Mombasa)

Kenya nayo 2018 iliweka shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini Chakubanga, mafuta ya taa yangefanya mashine iwe ngumu kuwaka ikiwa baridi. Yeye anasema kamba tatu inawaka. Petroli yake naona ni nzuri.

Oili je? Unachanganya kiasi gani?

#18 MjukuuWaPangani

Nusu lita ya oili ya 2T kwa dumu la lita 20. Ndivyo wanavyofanya wavuvi wote hapa.

#19 Sinbad_71

Wavuvi wa hapo wana Yamaha za juzi. Nusu lita kwa 20 ni 40 kwa 1. Johnson kuanzia 1964 zilielekezwa 50 kwa 1, lakini zilizotengenezwa kabla ya hapo ni 24 kwa 1. Kwa dumu lako 24 kwa 1 ni kama lita moja kasoro kikombe cha kahawa, hasa ni mililita 830. Kwa kuwa mwaka hatuujui, chukulia ni ya zamani. Moshi ukizidi hauui mashine, oili ikipungua inaua.

#20 Ngurukizi

Na moshi ukizidi unaleta masizi, tunarudi kwangu kule kule #13.

#21 Kaptula (Kigoma)

Oili kupungua ndiyo sababu yenyewe! Pistoni ikipata joto bila oili inabana, mashine inashuka yenyewe taratibu KAMA MTU ANAYESINZIA, inazima. Ikipoa inaachia. Yangu ilinifanyia hivyo Kibirizi, nilipofungua nikakuta pistoni imechorwa mistari. Mkuu acha kuiendesha kabisa mpaka ufungue hedi!

#22 FundiMagneto

Kaptula, ndiyo maana nilimuuliza kamba. Pistoni ikibana, kamba inakuwa nzito, hata kama ni kidogo utahisi begani. Yeye kajibu nyepesi kama kawaida. Hapo hoja yako inapungua nguvu, ingawa sikatai kuangalia maji. Mjukuu, mashine inakojoa, yaani inarusha maji ya kupoza nje?

#23 MjukuuWaPangani

Haikojoi. Sijaona hata tundu la mkojo. Fundi wa hapa naye alishangaa.

#24 Sinbad_71

Hazina mkojo hizo, msimtie hofu. Maji yanatoka nyuma ya mguu pamoja na moshi, kama manyunyu. Weka mkono nyuma ya mguu, juu kidogo ya maji, utapata unyevunyevu wa vuguvugu. Ukitaka uhakika, dondoshea matone ya maji juu ya hedi ikiwa imetembea dakika kumi. Yakikaa yakakauka polepole, sawa. Yakiruka na kulia kama mafuta ya kukaangia, inachemka.

Na impela ya mpira (feni ya pampu ya maji) iliyokaa tangu 2009 bila kuzunguka ibadilishwe hata kama inafanya kazi. Mabawa yake yamelala upande mmoja.

#25 Jahazi_Jipya (Bagamoyo)

Uzeni huo mzigo wa chuma chakavu mchukue fostroki mpya, inakunywa petroli kidogo, haitoi moshi, vipuri kila duka. Kampuni iliyotengeneza Johnson ilifilisika mwaka 2000, na Evinrude iliyobaki ikafungwa 2020. Vipuri mtatoa wapi?

#26 MjukuuWaPangani

Ndugu Jahazi, nakuelewa na hesabu yako ni sahihi. Lakini kwenye mkono wa kuongozea pale babu alipokuwa anashika mpira umelika umbo la kiganja chake. Kidole gumba kimeacha bonde. Nikishika mimi, kidole changu kinaingia humo humo. Sitaiuza.

#27 BintiMwani

Uko sahihi, usiuze. 💙

#28 Sinbad_71

Na vipuri vipo. Koili, pointi na kondensa za mashine hizo zilitumika kwenye Johnson na Evinrude za miaka mingi, kwa hiyo Marekani bado zinatengenezwa mpya na viwanda vingine. Mimi huagiza kwa mtandao. Plagi ni Champion J6C, haipotei.

#29 Muyombo_Kalemie

Jambo ndugu zangu wa ng'ambo. Sisi huku Kalemie tunaziita moteri. Marehemu tata (baba) alikuwa na Johnson ya namna hiyo ya kusafiria Moba. Yake ilizima vilevile, na ilikuwa mpira wa mafuta. Inje ulikuwa muzuri kabisa, mupya. Lakini ndani ngozi ya mpira ilijivua, ikawa kama ulimi. Moteri ikivuta kwa nguvu, ulimi unafunga njia. Ikizima, ulimi unarudi. Tulikata ule mpira kwa kisu ndipo tukaona.

#30 Kasia2

Muyombo, lakini wake ni mpya.

#31 Muyombo_Kalemie

Na ule wetu ulikuwa mupya, ndugu. Haukuwa mpira wa petroli, ulikuwa wa maji. Petroli iliula ndani kwa wiki mbili.

#32 MjukuuWaPangani

Mrejesho wa Jumamosi, wakuu.

Niliingia majini saa 1 asubuhi na kijana mmoja wa kunisaidia, hatukwenda mbali, na makasia mawili ndani. Kifuniko cha dumu nimekitoa kabisa nikafunika kwa kitambaa. Oili nimeongeza kufika 24 kwa 1.

Mara ya kwanza ilizima dakika ya 11. Pampu ya mkono ilikuwa laini, imesinyaa. Nikabinya mara nne ikawa ngumu, nikavuta kamba, IKAWAKA. Nikafurahi nikijua tumemaliza.

Mara ya pili ilizima dakika ya 7. Pampu ilikuwa ngumu kama limau bichi. Nikabinya, haiingii. Haikuwaka. Nikatoa plagi. Ya chini kavu kiasi, rangi ya kahawia nzuri. Ya juu imelowa, nyeusi, inanuka petroli mbichi. Nikaigusisha kwenye chuma kijana akavuta kamba: ya chini cheche ya bluu inalia tak tak. Ya juu cheche ya machungwa, nyembamba, mara ipo mara haipo.

Matone ya maji juu ya hedi yalikauka polepole, hayakuruka.

#33 Mzee_wa_Kusi

Koili ya juu. Nilisema tangu #4.

#34 Sinbad_71

Mzee, na ile mara ya kwanza iliyofufuka kwa kubinya? Koili haibinywi.

#35 FundiMagneto

Hapa ndipo mashine za zamani zinapotutesa. Inaweza kuwa na magonjwa mawili, na kila moja linalificha lingine. Petroli inapungua, ukiitibu unafika mwendo wa juu, koili inapata joto zaidi, inakata.

Lakini Mzee, cheche ya machungwa si lazima koili. Kondensa ikifa cheche inakuwa hivyo hivyo. Pointi zikiwa na kutu au zimefunguka vibaya ni hivyo hivyo. Kipimo cha pointi zake ni inchi 0.020, nusu milimita. Baadhi ya flaiwili zina dirisha dogo, unapima humo bila kuivua. Mjukuu, fundi alizigusa?

#36 MjukuuWaPangani

Hajawahi kufungua flaiwili. Alisema anaogopa itavunjika.

#37 FundiMagneto

Afadhali aliogopa. Naomba asitumie nyundo kamwe. Juu ya flaiwili kuna matundu matatu ya boliti kwa ajili ya kifaa cha kuvutia. Atafute kifaa au achonge kibati cha chuma chenye matundu matatu na boliti kubwa katikati, hata mchomeleaji wa Nansio anaweza. Akiitoa, aangalie ile funguo ndogo ya chuma inayoshika flaiwili na krankshafti. Ikikatika nusu, majira ya cheche yanahama na hakuna koili mpya itakayosaidia.

#38 Mwanaidi_wa_Shela

Mimi si fundi wa kusomea, lakini nimeendesha boti la wageni miaka 16 na ni mwanamke, hivyo nimejifunza kufungua mwenyewe kuliko kungoja mtu. Sikizeni njia niliyofanya kwenye yangu. Koili mbili ni pacha, zafanana. Zibadilishe nafasi, ya juu iende chini, ya chini iende juu. Cheche mbovu ikihamia chini, koili ndiyo mgonjwa. Ikibaki juu, basi ni kondensa, pointi au waya. Haina gharama, yataka subira tu. Uchore picha kabla hujafungua, au piga kwa simu.

#39 Kasia2

Dada Mwanaidi umetuzidi sote. Mzee_wa_Kusi amekaa hapo Lamu nawe jirani yake hajakwambia?

#40 Mzee_wa_Kusi

Huyo ni mwanangu, nimemfundisha mimi kusokota waya. Njia yake ni ya kweli.

#41 Ngurukizi

Plagi ya juu nyeusi imelowa. Mnaona? Petroli imezidi. Mmekaa kwenye cheche tu.

#42 Sinbad_71

Ngurukizi, kabureta ni moja, inalisha silinda zote mbili. Ya chini ni kahawia safi. Petroli ingezidi, zote zingekuwa nyeusi.

Ila umenikumbusha kitu. Kwenye kabureta hiyo boya la asili si la plastiki, ni la gamba jepesi kama kizibo cha chupa za zamani, limepakwa vanishi. Vanishi ikibanduka, boya linanyonya petroli, linakuwa zito, linazama, kabureta inafurika. Likikaa nje siku nzima linakauka, na fundi akilishika analiona zima. Yangu ya 1958 ilinidanganya hivyo miezi miwili. Nililijua kwa kulipima kwenye mizani ya dhahabu ya mke wangu, kavu kisha baada ya kulala ndani ya petroli usiku kucha. Lilikuwa limeongezeka uzito karibu mara mbili.

#43 BintiMwani

Mizani ya dhahabu, na petroli! Shemeji yetu alisemaje?

#44 Sinbad_71

Nilimnunulia nyingine.

#45 Mdau_wa_Bugolora (Ukerewe)

Mkuu, mimi ni wa hapa hapa. Sijui mashine, najua ziwa. Tuliozika ndugu zetu wa kivuko cha MV Nyerere kilichozama mwaka 2018 hatuchezi. Ziwa hili linaonekana kama bakuli asubuhi na mchana upepo unageuka. Majaribio yako yafanye ukiwa umefunga kamba ndefu ufukweni, au mguu wa mashine ndani ya pipa la maji. Jaketi la kuokoa uvae, usilikalie. Na hilo dumu la petroli lililofunikwa kitambaa huku mnagusisha plagi zenye cheche, mungelipuka wote wawili.

#46 FundiMagneto

Huyu ndugu amesema kweli kabisa, nami nilipaswa kulisema tangu mwanzo. Ukipima cheche, dumu lichomolewe lipelekwe mbali, na plagi ielekee mbali na tundu la silinda.

#47 MjukuuWaPangani

Nimesikia, Mdau. Asante. Pipa nimeshalipata.

#48 Kaptula

Na hedi umefungua?

#49 MjukuuWaPangani

Bado Kaptula. Fundi kapima pumzi, yaani mgandamizo, kwa kipimo cha gari: silinda zote mbili zinalingana, karibu sawa kabisa.

#50 MjukuuWaPangani

Mrejesho wa pili, wiki imepita.

Mchomeleaji alitengeneza kibati. Flaiwili ilitoka kwa mlio kama bunduki, nilidhani imepasuka, iko salama. Funguo yake nzima. Chini yake nimekuta vumbi la kutu jekundu na kiota cha mdudu kilichokauka. Koili zote mbili zina nyufa, ya juu ufa wake unapitisha ukucha. Nilipiga picha, nikabadilisha nafasi kama alivyoelekeza dada Mwanaidi. Kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua, nikapitisha msasa laini kwenye pointi, nikazipanga nusu milimita, nikakaza waya wa kondensa ya juu uliokuwa unacheza.

Mpira wa mafuta niliukata kwa kisu kama alivyosema Muyombo. Ndani uko sawa, ila umelainika, ukiubana kwa vidole haurudi. Nimeweka wa petroli kabisa.

Ndani ya pipa imekwenda dakika 35. Cheche zote mbili bluu. Dakika ya 36 imeshuka taratibu, ikazima. Baada ya dakika mbili tu ikawaka.

#51 Mwanaidi_wa_Shela

Aa! Umefanya mambo manne kwa mkupuo mmoja, sasa hatujui lipi lililosaidia. Cheche mbovu haikuhamia chini?

#52 MjukuuWaPangani

Haikuhamia popote. Zote nzuri, hata ilipokuwa moto. Ilipozima ya mwisho nilipima haraka, zote bluu.

#53 Mzee_wa_Kusi

Ilikuwa waya wa kondensa basi. Lakini koili zenye ufa wa kupitisha ukucha zitakufa tu, ziagize.

#54 Kasia2

Kama cheche zipo na imezima, tumerudi kwenye petroli. Pampu ya mkono ilikuwaje?

#55 MjukuuWaPangani

Ilikuwa katikati. Si laini, si ngumu.

#56 Sinbad_71

Ngozi ya pampu, au boya. Mashine ndani ya pipa haina mzigo, haili petroli nyingi, ndiyo maana imefika 35. Lipime lile boya.

#57 Ngurukizi

Na maji ya pipa yalikuwa ya moto kiasi gani hiyo dakika ya 36? Pipa la lita 200 mashine inalichemsha. Na moshi wake mwenyewe unajaa humo, inauvuta tena badala ya hewa. Hapo hujapima kitu.

#58 FundiMagneto

Hilo la moshi ni kweli kabisa, Ngurukizi. Nimeliona kwa macho yangu, mashine nzima inazima ndani ya pipa kwa kujivuta moshi. Mjukuu, kifuniko cha juu kilikuwa kimefungwa au umekiacha wazi?

#59 MjukuuWaPangani

Kilikuwa kimefungwa. Maji ya pipa sikuyashika, ila yalikuwa yanafuka.

Kesho alfajiri nabadilisha maji, naiwasha bila kifuniko. Boya nimelitoa leo usiku, nimelipima dukani kwa muuza dagaa: gramu 9. Limelala ndani ya kopo la petroli, nje, mbali na nyumba. Asubuhi nitalipima tena.